Namba tasa ipi iwe moduli ya programu yako: 1,000,000,007, 998,244,353, 2^31 − 1 au 2^61 − 1?

Anayeandika programu ya kuhesabu njia, kulinganisha maandishi marefu au kuzidisha polinomia hufika mahali ambapo majibu yanakua kupita nafasi aliyonayo, na hapo hulazimika kuchagua moduli, yaani namba ambayo kila jibu litagawanywa kwayo ili baki pekee lihifadhiwe. Anajua kwamba moduli hiyo inatakiwa iwe namba tasa kubwa, kwa kuwa kila anayemuuliza humwambia hivyo. Lakini akitazama kazi za wenzake hukuta namba nne zinazorudiwarudiwa bila maelezo, na hajui kwa nini huyu ametumia ile na yule ametumia hii. Makala hii inazilinganisha namba hizo nne. Zote ni tasa na zote ni kubwa kiasi cha kutosha kwa kazi nyingi, na nitaonyesha kwamba tofauti iliyo muhimu zaidi kati yake imo katika namba inayotangulia kila moja, ile inayopatikana ukitoa moja.

Neno «kubwa» lina mipaka yake hapa. Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, iliyopatikana Oktoba 2024, ni 2^136,279,841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320, na hakuna anayeweza kuitumia kama moduli ya kazi ya kila siku. Kwa mwandishi wa programu, namba tasa ni kubwa ikiwa mabaki yake ni mengi kiasi kwamba bahati mbaya haiwezi kuyagonganisha ovyo, huku zao la mabaki mawili likiendelea kutoshea katika mashine.

Sababu ya kudai utasa ni moja kwa namba zote nne. Katika saa ya ukutani, ambayo huhesabu kwa moduli 12, ukizidisha 3 kwa 4 unarudi sifuri ingawa hakuna kati ya hizo iliyo sifuri, na kwa hiyo kugawanya kwa 3 au kwa 4 hakuna maana humo. Moduli ikiwa tasa, tatizo hilo halitokei: kila namba isiyo sifuri ina kinyume chake cha kuzidisha, na kinyume hicho hupatikana kwa kuipandisha kipeo cha p − 2, p ikiwa ndiyo moduli yenyewe, kama inavyotokana na kanuni aliyoitaja Pierre de Fermat mwaka 1640. Vilevile polinomia ya daraja n haiwezi kuwa na majawabu zaidi ya n. Sifa hizi mbili zimo katika namba zote nne, kwa hiyo hazimsaidii msomaji kuchagua.

Vigezo

Nimechukua vigezo vitano. Cha kwanza ni nafasi ambayo mabaki, majumlisho na mazao yake yanachukua katika kompyuta. Cha pili, ambacho nakipa uzito kuliko vingine, ni vigawo vya p − 1. Cha tatu ni gharama ya kupata baki, kwa kuwa kazi hiyo hufanyika mara mamilioni. Cha nne ni uwezekano wa vitu viwili tofauti kuangukia baki moja. Cha tano ni wepesi wa kutafuta kipeuo cha pili, jambo ambalo wengi hawalihitaji, nami nitalipitia kwa haraka.

Kabla ya hapo, neno kuhusu uthibitisho, kwa sababu si vizuri kuijenga programu juu ya namba ambayo utasa wake umesikia tu. Mbili za kwanza unaweza kuzihakiki mwenyewe kwa kujaribu kuzigawanya kwa kila namba tasa isiyozidi 31,622, kazi ambayo kompyuta yoyote huimaliza papo hapo. Utasa wa 2^31 − 1 ulithibitishwa na Leonhard Euler, akautangaza mwaka 1772. Namba 2^61 − 1 haikuwemo katika orodha aliyoitoa Marin Mersenne mwaka 1644. Ni kasisi wa Urusi, Ivan Pervushin, aliyeonyesha mwaka 1883 kwamba ni tasa. Leo jaribio la Lucas na Lehmer hulithibitisha hilo kwa hatua 59 tu: unaanza na 4, kila hatua unaizidisha namba uliyonayo kwa yenyewe na kutoa 2, unachukua baki, na hatua ya 59 lazima ifike sifuri.

Nafasi katika kompyuta

Namba 1,000,000,007 ndiyo namba tasa ndogo kuliko zote zenye tarakimu kumi. Jumla ya mabaki yake mawili haizidi 2,000,000,012, kwa hiyo inatoshea katika namba nzima ya biti 32 inayokubali hasi, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Zao la mabaki mawili linapita kidogo 10^18, na katika biti 64 unaweza kujumlisha mazao tisa kabla ya kulazimika kutafuta baki. Namba 998,244,353 ina nafasi ileile kwa vitendo: jumla hutoshea, na mazao tisa hutoshea.

Namba 2^31 − 1, ambayo ni 2,147,483,647, ndiyo hasa mpaka wa biti 32. Baki lake hutoshea, lakini jumla ya mabaki mawili inaweza kufurika na kugeuka hasi, na katika biti 64 ni mazao mawili tu yanayoweza kujumlishwa kwa usalama. Anayeichagua lazima afanye majumlisho yake katika biti 64 tangu mwanzo. Namba 2^61 − 1, yaani 2,305,843,009,213,693,951, huchukua biti 61; jumla ya mabaki mawili bado hutoshea katika biti 64, ila zao hufika biti 122, na hivyo unahitaji lugha yenye namba za biti 128, au njia ya kupata nusu ya juu ya zao, au lugha kama Python ambayo namba nzima hazina kikomo cha biti.

Wanaotumia JavaScript wasimame hapa kidogo. Namba ya kawaida ya lugha hiyo ni sahihi mpaka 9,007,199,254,740,991 tu, ilhali zao la mabaki mawili ya 1,000,000,007 linaweza kuwa kubwa kuliko hapo zaidi ya mara mia. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Tarakimu za mwisho zitapotea kimyakimya, na baki litakuwa si sahihi. Kwa namba zote nne, katika lugha hiyo, zidisha kwa BigInt, aina yake ya namba nzima zisizo na kikomo hicho.

Vigawo vya p − 1

Chukua namba yoyote isiyo sifuri na uipandishe vipeo mfululizo, ukichukua baki kila mara. Mwishowe utarudi kwenye 1, na idadi ya hatua za mzunguko huo daima ni kigawo cha p − 1. Kwa maneno mengine, anayejua vigawo vya p − 1 anajua mizunguko yote inayowezekana ndani ya moduli yake, na mizunguko hiyo ndiyo inayoamua kazi zipi zitakuwa nyepesi na mitego ipi itamsubiri.

Kwa 1,000,000,007, p − 1 ni 2 × 500,000,003, na hiyo 500,000,003 nayo ni tasa. Mizunguko inayowezekana ni minne tu: wa hatua 1, wa hatua 2, wa hatua 500,000,003 na wa hatua 1,000,000,006. Namba 1 na namba p − 1 ndizo pekee zenye mzunguko mfupi; nyingine yoyote utakayoishika, hata kwa kubahatisha, itatembea hatua nusu bilioni au zaidi kabla ya kurudi. Namba 5 huzipitia namba zote zisizo sifuri kabla ya kurudi. Kwa mtu anayetaka msingi wa kuhesabia bila kuhofia mtego uliofichika, huu ni utulivu mkubwa, nami naona haujasifiwa vya kutosha.

Kwa 998,244,353, p − 1 ni 2^23 × 7 × 17. Namba 3 huzipitia zote, na kwa sababu hiyo 3^119 ina mzunguko wa hatua 2^23 kamili, yaani 8,388,608. Mzunguko ambao urefu wake ni kipeo cha 2 ndio unaohitajika na mgeuzo wa haraka wa Fourier, ule unaozidisha polinomia kwa kuzigawa nusu kwa nusu. Tuseme una polinomia mbili zenye vipengele 100,000 kila moja. Kuzizidisha kwa njia ya kawaida ni mazao bilioni kumi. Kwa mgeuzo, unatumia urefu wa 2^18, yaani 262,144. Kila mgeuzo una ngazi 18 zenye mazao 131,072 kila ngazi, na migeuzo mitatu kwa pamoja hugharimu mazao yapatayo milioni saba. Yote hufanyika kwa namba nzima, bila desimali na bila makosa ya kukadiria. Hizo namba nyingine tatu zina kigawo 2 mara moja tu ndani ya p − 1, na kwa hiyo urefu mkubwa kabisa unaoruhusiwa na kila moja kwa mgeuzo huo ni 2, ambao haufai kitu.

Kwa 2^31 − 1, p − 1 ni 2 × 3^2 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Vigawo vyote ni vidogo, hivyo mizunguko mifupi ni mingi. Hata hivyo namba 7 huzipitia zote, na vivyo hivyo 7^5, yaani 16,807. Park na Miller waliipendekeza mwaka 1988 kama kiwango cha chini cha kuzalisha namba za kubahatisha: unaanza na namba moja, unaizidisha kwa 16,807, unachukua baki, na utapitia namba 2,147,483,646 kabla ya kurudia.

Kwa 2^61 − 1, p − 1 ni 2 × 3^2 × 5^2 × 7 × 11 × 13 × 31 × 41 × 61 × 151 × 331 × 1321. Hapa kuna mtego wa kuutazama kwa karibu. Kwa kuwa 2^61 ni 1 katika moduli hii, namba 2 ina mzunguko wa hatua 61 tu, na kadhalika vipeo vyake vyote isipokuwa 1 yenyewe: 4, 8, 16, mpaka 256 na zaidi. Sasa fikiria mtu anayetengeneza heshi, yaani namba moja fupi inayosimamia maandishi marefu, kwa kuipa kila herufi uzito wa kipeo cha msingi fulani kulingana na nafasi yake. Anachagua 256 kuwa msingi, kwa hoja inayosikika vizuri kwamba baiti moja ina thamani 256. Herufi ya nafasi ya 1 na herufi ya nafasi ya 62 zitakuwa na uzito uleule. Badilisha herufi hizo mbili mahali, na maandishi mapya yatatoa heshi ileile, bila kukosea hata mara moja. Moduli ni kubwa kupita kiasi na bado ulinzi umeanguka. Kwa 2^31 − 1 mtego ni huohuo, ila umbali ni nafasi 31. Dawa yake ni rahisi: msingi uchaguliwe kwa kubahatisha programu inapoanza, maana namba zenye mzunguko mfupi ni chache mno kati ya zote, na mtu anayetaka kukuvizia naye hataujua msingi wako.

Gharama ya kupata baki

Hapa namba mbili za Mersenne, zile za umbo la kipeo cha 2 kutoa moja, zinastahili sifa. Baki lake halihitaji kugawanya. Chukua mfano mdogo wa 127, ambayo ni 2^7 − 1, na utafute baki la 1,000. Katika 1,000 mna 128 mara 7 na zinasalia 104. Kwa kuwa 128 ni sawa na 1 katika moduli hii, jumlisha 7 na 104, jibu ni 111. Kompyuta hufanya hivyo kwa kusogeza biti na kujumlisha, kisha pengine kutoa mara moja. Ndiyo maana 2^61 − 1, pamoja na ukubwa wake, hutumika kwa kasi nzuri.

Namba 1,000,000,007 na 998,244,353 hazina njia hiyo ya mkato. Zinalingana kwa gharama, na gharama hiyo hupungua sana ukiiandika moduli kama thamani isiyobadilika ndani ya programu, kwa sababu kompaila hubadili kugawanya kuwa kuzidisha na kusogeza biti. Ukiisoma moduli kutoka kwa mtumiaji wakati programu inaendelea, unapoteza msaada huo.

Migongano

Maandishi mawili tofauti yenye herufi n yanaweza kugongana kwa misingi isiyozidi n kati ya yote iliyopo, kwa sababu ya ile sifa ya majawabu ya polinomia. Kwa herufi milioni moja na moduli 1,000,000,007, hatari ni moja katika elfu kwa kila ulinganisho, kiasi ambacho mimi singekikubali katika programu ya kazi. Namba 998,244,353 iko palepale, na 2^31 − 1 huipunguza hatari hiyo kwa nusu tu. Kwa 2^61 − 1, ni chini ya moja katika trilioni mbili.

Tofauti inaonekana wazi zaidi unapokuwa na maandishi mengi ya kulinganisha yote kwa yote. Heshi zikisambaa kama za kubahatisha, nafasi ya kupata angalau jozi moja iliyogongana hufika nusu ukiwa na maandishi yapatayo 37,000 kwa zile mbili za karibu na bilioni, yapatayo 54,600 kwa 2^31 − 1, na yapatayo bilioni 1.8 kwa 2^61 − 1. Wapo wanaotumia heshi mbili kwa pamoja, moja ya 1,000,000,007 na nyingine ya 998,244,353. Njia hiyo ni halali na hutoa nafasi karibu 10^18, ila 2^61 − 1 peke yake hutoa zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Vipeuo vya pili

Namba tatu kati ya nne hubakiza 3 zikigawanywa kwa 4, na kwa hizo kipeuo cha pili cha namba a, kama kipo, hupatikana kwa kuipandisha a kipeo cha (p + 1)/4. Kwa 2^61 − 1 kipeo hicho ni 2^59, maana yake unazidisha namba kwa yenyewe mara 59 na kazi imekwisha. Kwa 2^31 − 1 ni mara 29. Namba 998,244,353 hubakiza 1, na ile 2^23 iliyousaidia mgeuzo wa Fourier ndiyo inayoifanya njia ya Tonelli na Shanks, ile ya kutafuta kipeuo pale njia fupi isipofaa, kuwa ndefu zaidi kwake. Kwa upande mwingine, ndani yake −1 ina kipeuo cha pili, jambo lisilowezekana katika zile tatu.

Hali kwa hali

Ikiwa unahesabu njia, mpangilio au michanganyiko, na unachohitaji ni kujumlisha, kuzidisha na kugawanya tu, 1,000,000,007 inakufaa, hasa kama unajifunza, kwa kuwa mifano mingi utakayokutana nayo inaitumia na majibu yako utaweza kuyalinganisha. 998,244,353 itakupa vilevile kila kitu hapo, na ni busara kuianza mapema ukiona kwamba hesabu yako huenda ikageuka kuwa kuzidisha polinomia.

Ikiwa polinomia ndiyo kazi yenyewe, chagua 998,244,353, mradi urefu wa jibu hauzidi 8,388,608.

Ikiwa unalinganisha maandishi au mafungu makubwa ya data, chukua 2^61 − 1 pamoja na msingi wa kubahatisha. Kama lugha yako haina namna ya kushika biti 122 za zao, au kifaa chako ni kidogo na nafasi ni ya kubana, heshi mbili za namba zilizo karibu na bilioni zitakutosha.

Ikiwa unahitaji namba za kubahatisha kwa mchezo mdogo au kwa jaribio linalopaswa kurudiwa lilelile, na unataka mstari mmoja unaoeleweka kikamilifu, 2^31 − 1 pamoja na 16,807 bado ni chaguo la heshima. Kwa utafiti unaohitaji mabilioni ya namba, mzunguko wake ni mfupi mno.

Ikiwa unachokilinda ni siri, kama vile nywila, fedha au mawasiliano, hakuna kati ya hizi nne inayofaa. Vigawo vidogo vya p − 1 katika 2^61 − 1 humwezesha mshambuliaji kutafuta kipeo cha siri kipande kwa kipande, kama walivyoonyesha Pohlig na Hellman mwaka 1978. Na 1,000,000,007, ingawa haina udhaifu huo, ni ndogo kiasi kwamba hatua makumi ya maelfu tu hutosha kuivunja. Tumia maktaba za programu zilizokaguliwa, ambamo utakuta namba za daraja jingine kabisa, mojawapo ikiwa 2^255 − 19.

Ikiwa umepewa 1,000,000,007 kama sharti na wakati huohuo unalazimika kuzidisha polinomia ndefu, huna haja ya kurudi kwenye njia ya mazao bilioni kumi. Fanya kuzidisha huko mara tatu, kwa moduli 998,244,353, kisha 469,762,049, ambayo ni 7 × 2^26 + 1, kisha 167,772,161, ambayo ni 5 × 2^25 + 1. Namba 3 huzipitia zote katika kila moja ya hizo tatu. Zao la moduli hizo linazidi 7 × 10^25, wakati kipengele chochote cha jibu halisi kwa polinomia za vipengele milioni moja hakizidi sana 10^24. Kwa hiyo kanuni ya Kichina ya mabaki itakurudishia jibu halisi lenyewe, nawe utalichukulia baki la 1,000,000,007 mwishoni.